Robo Saa ya Gunleik

Theluji ya kwanza ya mwaka ilimkuta Aslaug Nordbø dukani, amekwenda kununua kahawa. Ilikuwa Alhamisi ya Novemba, saa tisa alasiri, na mwanga wa nje ulikuwa umeshaanza kuaga. Wanunuzi wanne walikuwa wameizunguka simu iliyoegemezwa kwenye kikapu cha machungwa, na kutoka ndani ya simu hiyo ilisikika sauti ya Roar Hvidsten, kwenye kipindi chake cha mtandaoni. Bonde zima lilikuwa linaijua sauti hiyo tangu Septemba. Ilikuwa nzito, ya polepole, na ilinong'ona kila ilipotaka watu wasisimke.

"...Peder Løkken alifungwa bure. Muuaji wa Sunniva Midtgarden yu hai. Anaishi bondeni. Anakunywa kahawa na majirani zake... Leo jioni, saa kumi na mbili kamili, nitamtaja kwa jina."

"Tarjei huyo," alisema mama mmoja mwenye kofia ya sufu. "Nani mwingine? Macho yake siku hizi siyo kabisa."

"Ana mtoto wa jicho," Aslaug alisema. "Nipisheni nipite. Harusi hamna, msiba hamna, mmejazana nini hapa?"

Wakampisha. Aliwasikia wakianza tena mara tu alipofika kwenye rafu ya kahawa.

Kesi ya Sunniva ilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na katika miaka yote hiyo haikuwahi kukosa wapelelezi wa kujitolea. Sunniva alikuwa karani wa posta, msichana wa miaka ishirini na sita. Alinyongwa nyuma ya kaunta yake kwa kamba ya gunia la barua. Polisi walimkamata Peder Løkken, mnoa visu aliyekuwa akipita mashambani, kwa sababu walimkuta amelala ghalani nyuma ya posta akiwa amelewa, naye hakuwa na mtu wa kumtetea. Alikufa gerezani mwaka wa saba. Tangu hapo kila mstaafu aliyechoshwa na bustani yake alikuja bondeni na daftari. Mmoja alisema muuaji ni mchungaji, eti kwa kuwa alinunua buti mpya wiki ile. Mwingine alileta habari za baharia wa Kirusi, na bahari yenyewe haionekani hata ukipanda mlima mrefu kuliko yote hapa. Kuna aliyekuja na jiwe linaloning'inia kwenye uzi, akalitembeza shambani kwa watu siku tatu, akala kwao, akaondoka.

Huyu Roar ndiye aliyekuwa amewazidi wote. Alikuwa fundi wa miwani huko Drammen. Miaka thelathini aliwauzia watu miwani ya vioo, na mwenyewe akavaa ya mbao.

Aslaug aliwadharau, kuanzia wa mchungaji hadi wa miwani, na alikuwa na sababu nzuri. Wote walikuwa wamekosea, na yeye alijua. Alikuwa amejua tangu alipokuwa na miaka ishirini na saba, akanyamaza, na kwa hilo hakuna aliyemdharau bondeni kuliko alivyojidharau mwenyewe.

Alitundika mfuko wa kahawa kwenye mpini wa kigari chake cha kutelezea thelujini, chenye vyuma viwili badala ya magurudumu, akakanyaga chuma kimoja kwa mguu wa kushoto na kusukuma kwa wa kulia. Theluji mpya ilikuwa nyembamba lakini ilitosha. Alipofika nyumbani kwake Nordbø giza lilikuwa limeshuka hadi kwenye paa la ghala, na mbele ya nyumba palikuwa na gari asilolijua.

Roar Hvidsten alikuwa jikoni kwake. Amekaa. Mbele yake, juu ya meza, kilikuwapo chombo kidogo cha kurekodi kikiwa kimeshawasha taa yake nyekundu.

"Mlango ulikuwa wazi, mama," alisema huku akitabasamu.

"Haukuwa wazi. Haukufungwa kwa ufunguo. Hayo ni mambo mawili. Na mimi si mama yako. Toka kwenye kiti hicho."

"Kina nini?"

"Ni cha kaka yangu."

"Nilidhani Gunleik ni marehemu."

"Ni marehemu. Toka."

Roar alihamia kwenye benchi. Alikuwa mwanamume safi, ndevu zake zimechongwa, miwani yenye fremu nyekundu, skafu imefungwa kwa namna ile ya watu wanaotaka kupigwa picha. Alisogeza chombo chake karibu na Aslaug.

"Nina swali moja tu, kisha nakuacha upumzike. Tarjei Bakken... alimpenda Sunniva?"

"Kila mwanamume bondeni alimpenda Sunniva. Hata mbwa wa posta."

"Lakini Tarjei hakuoa."

"Wewe umeoa?"

"Nilioa. Tuliachana."

"Basi usimcheke asiyejaribu."

Roar akacheka kidogo, kwa ajili ya wasikilizaji. Kisha akashusha sauti. "Saa kumi na dakika kumi jioni ile, dereva wa barua alimwona Tarjei barabarani chini ya posta. Anatembea upesi. Mikono iko mifukoni. Hakuwahi kueleza alikuwa anatoka wapi. Miaka arobaini na tisa, Aslaug! Hakuwahi!"

"Ilikuwa Novemba. Ulitaka mikono aiweke wapi?"

Lakini moyoni hakuwa na mzaha. Tarjei Bakken alikuwa jirani yake, mzee wa miaka sabini na tisa, na kwa miaka arobaini alikuja Nordbø kila Alhamisi kunywa kahawa. Tangu Septemba hakuja tena. Watu walipita polepole na magari mbele ya nyumba yake wakipiga picha. Kuna aliyeandika neno moja kwa rangi nyekundu kwenye sanduku lake la barua. Jumatatu iliyopita Aslaug alimkuta ghalani ameshika kamba, amesimama tu, anaitazama boriti. "Nafunga majani," Tarjei alimwambia. Tarjei hakuwa na hata kondoo mmoja.

Aliichukua kamba ile kwake, akaificha chini ya kitanda. Lakini kamba ni kitu kinachouzwa dukani. Jina la Tarjei likishatajwa saa kumi na mbili, Aslaug alijua nani atakayemkuta asubuhi, na atamkuta vipi.

Akakaa. Akapiga moyo konde.

"Hicho chombo kinasikia?"

"Kinasikia vizuri sana."

"Aliyemuua Sunniva ni kaka yangu Gunleik."

Roar alimtazama. Uso wake ulifanya jambo ambalo Aslaug hakulitegemea. Ukamwonea huruma.

"Mama Aslaug," alisema taratibu, kama anayemweleza mteja kwamba jicho lake halitarudi. "Bonde zima, Gunleik ndiye mtu pekee ambaye hawezi kuwa yeye. Saa kumi kasoro dakika kumi mteja alinunua stempu kwa Sunniva, akamwacha mzima. Saa kumi na robo dereva wa barua akamkuta amekufa. Kutoka posta hadi hapa kwa miguu ni dakika ishirini. Na wewe mwenyewe ulimwambia polisi: nilimsikia Gunleik akiingia nyumbani saa kumi na dakika kumi. Ukurasa huo nimeusoma mara mia."

"Mara mia zote hizo, na hukuuliza niliona nini."

"Unamaanisha nini?"

"Sikuona kitu. Nilimsikia."

Hapa yafaa kusema jambo ambalo kila mtu wa bondeni analijua na Roar wa Drammen hakulijua. Familia za zamani za huku zina watangulizi. Wazee huwaita vardøger. Kabla mtu hajafika nyumbani, sauti zake hufika kwanza. Hukanyaga kibarazani kukung'uta theluji, hufungua mlango, hutundika koti, hukohoa. Ukitoka kumpokea, hakuna mtu. Robo saa baadaye huja mwenyewe, na kufanya vilevile. Hakuna aliyeogopa, maana ilikuwa na faida: mtangulizi akishapita, huwekwa birika jikoni, na mwenyewe akifika anakuta kahawa imeiva. Mtu wa huku ukimwambia umemsikia fulani akiingia, lazima akuulize: ni yeye, au mtangulizi wake?

Polisi aliyeandika maelezo ya Aslaug alikuwa mgeni kutoka mjini. Hakuuliza. Na Aslaug, ambaye alijua kabisa swali ambalo halikuulizwa, alitia sahihi.

Alimweleza Roar yote hayo. Alimweleza na yaliyofuata.

"Saa kumi na dakika kumi nilimsikia, nikaweka birika. Saa kumi na dakika ishirini na tano akaja mwenyewe. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiko, akavua glavu zake, akazitupa motoni. Glavu za sufu. Nilizifuma mimi. Nyumba ilinuka sufu iliyoungua mpaka Krismasi."

"Ukamwuliza kwa nini?"

"Nikamfumia nyingine."

Aslaug alimwona Roar akihesabu kichwani. Robo saa. Ongeza robo saa kwenye saa ya kufika, na saa kumi Gunleik bado yuko posta. Hesabu ilikuwa imekaa sawasawa, na mtu mwenye akili angeiona. Roar aliiona. Alaaniwe, aliiona kabisa! Kisha akawafikiria wasikilizaji wake elfu arobaini, na vipindi kumi na moja alivyokwisha kuwalisha juu ya Tarjei, na akaiacha ipite.

"Kwa hiyo niwaambie watu," alisema, "kwamba muuaji aliokolewa na mzuka wake mwenyewe."

"Waambie si Tarjei. Mengine sijali."

"Unamkinga." Macho yake yalianza kung'aa nyuma ya fremu nyekundu. "Kahawa kila Alhamisi... miaka arobaini... Ninyi wawili mlikuwa mnapendana. Uko tayari kumchafua kaka yako marehemu ili kumwokoa. Aslaug, hii ni nzuri sana. Hii naiweka leo leo!"

Aslaug alifungua mdomo amtukane.

Hakuwahi.

Nje, kibarazani, mtu alikanyaga.

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu... buti nzito, zinakung'uta theluji.

Roar akageuza kichwa. "Unategemea mgeni?"

Mlango wa nje ulifunguka kwa mkwaruzo wake, ukafungwa. Kwenye chumba kidogo cha kuingilia koti lilivuliwa, zito, la ngozi, likatundikwa. Kisha mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, cha mtu aliyevuta kiko maisha yake yote.

Kimya.

Halafu harufu ikapita chini ya mlango, ikaingia jikoni.

"Nani anachoma nywele?" Roar alinong'ona.

"Si nywele. Nenda ukamwangalie. Si wewe ni mpelelezi?"

Ilibidi aende. Mtu aliyejisifu miezi mitatu kwa watu elfu arobaini hawezi kubaki kwenye benchi mbele ya bibi kizee. Alifungua mlango wa jikoni. Chumba cha kuingilia kilikuwa kitupu, makoti yaliyoning'inia yalikuwa mawili tu, lake na la Aslaug. Akafungua mlango wa nje, akasimama kibarazani, na Aslaug akauona mgongo wake ukikakamaa. Kwenye theluji kulikuwa na alama za viatu vyake, na za Aslaug, na mistari miwili ya kigari. Hakukuwa na nyingine.

Alirudi kijasho chembamba kimemtoka juu ya mdomo.

"Mnanichezea shere," alisema. "Kuna spika mahali. Tarjei yuko nje, siyo? Mmepanga." Alikuwa akikusanya vitu vyake, skafu, chombo, koti. "Saa kumi na mbili nalitaja jina. Jina lote."

"Umesikia kwa masikio yako."

"Sikusikia kitu."

"Chombo chako kimesikia."

"Chombo kinafutika," alisema Roar, na huo ndio ukawa upelelezi wake.

Msomaji angependa kuambiwa kwamba gari lake liliacha njia kwenye kona ya daraja, au kwamba kitu kilikaa kiti cha nyuma kikamkoholea shingoni. Hapana. Alifika salama, akala chakula cha jioni, akalala. Wafu nao wanachagua watu wa kushughulika nao.

Aslaug alibaki peke yake mezani. Kwa miaka kumi na miwili, tangu Gunleik azikwe, zile sauti zilikuja kila siku ya theluji ya kwanza, na robo saa baadaye hakuna aliyekuja. Alikuwa amezizoea. Kuna miaka aliweka birika, kwa mazoea tu, kisha akamwaga kahawa. Alikuwa akijiambia kwamba ni nyumba inayokumbuka. Lakini leo harufu haikuondoka. Ilikuwa nzito, ilimkaa kooni. Na hakuwahi kabla ya leo kulisema jina la kaka yake na neno muuaji katika pumzi moja.

Hakuweka birika. Alivaa koti, akatoka.

Kwa Tarjei ni mwendo wa dakika chache, chini ya mteremko, kisha kupinda kwenye mto. Giza lilikuwa limekamilika, ingawa saa ilikuwa bado ya watu kuwa kazini. Vyuma vya kigari vilinong'ona kwenye theluji. Aslaug alijilazimisha asitazame nyuma. Angeweza kumpigia Tarjei simu kutoka nyumbani, ndiyo, au kuwapigia polisi, lakini mzee huyo alistahili kuambiwa kwanza, usoni, na mtu aliyemwacha achafuliwe. Alipanga maneno njiani. Yote yalikuwa mabaya.

Dirisha la Tarjei lilikuwa na taa. Alipopanda kibaraza, kabla hajainua mkono, mlango ulifunguka kwa ufa mwembamba na jicho moja lenye ukungu likachungulia.

"Ni wewe?" Tarjei alinong'ona.

"Ni mimi."

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu. Una nini?"

Alimvuta ndani, akafunga mlango kwa ufunguo. Katika bonde lile hakuna aliyefunga mlango kwa ufunguo akiwa nyumbani. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mtu ameingia hapa sasa hivi," alisema. "Nimemsikia kibarazani, akakung'uta miguu. Akafungua, akavua koti. Nikafikiri ni wewe. Lakini Aslaug... wewe hukohoi."

Aslaug akatafuta saa kwa macho.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika arobaini. Aslaug aliitazama, akahesabu, maana ndivyo walivyolelewa. Mtangulizi ameshapita. Robo saa.

"Kaa chini, Tarjei. Sina muda wa kupamba." Na akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache kuliko aliyompa Roar: birika, glavu, sahihi yake. Tarjei alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipomaliza, mzee yule hakushtuka, na hilo likamtisha zaidi ya kikohozi.

"Nilijua," Tarjei alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilimwona. Anatoka kwenye mlango wa nyuma wa posta, saa kumi imepita kidogo. Nilikuwa nakuja kutuma barua. Aliniangalia, akaniwekea kidole mdomoni, hivi." Alionyesha. "Nikageuka nikaondoka. Ndiyo maana nilikuwa barabarani. Kesho yake nikasikia umemtolea ushahidi kwamba alikuwa nyumbani. Nikajiambia, nikisema mimi, dada yake atafungwa kwa uongo. Basi nikanyamaza."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako."

"Usinipe mimi mzigo huo!" Aslaug alisema kwa ukali, bado ananong'ona. "Peder Løkken alitapika mapafu yake gerezani, na wewe ulikuja kwangu kunywa kahawa Alhamisi elfu mbili, unanitazama, unaomba sukari. Na mimi nikakupa. Ptu! Yule mpumbavu wa Drammen ana haki kuliko sisi. Yeye angalau hajui."

Tarjei alilia bila sauti. Aslaug alimhurumia, na akamchukia, na hakuwa na nafasi ya kuchagua. Saa kumi na dakika arobaini na nne. Aliichukua simu ya Tarjei kutoka juu ya jokofu, akawapigia polisi wa mjini.

Sauti ya mashine ilimkaribisha. Ilimwambia abonyeze moja kama amepoteza paspoti. Ilimwambia abonyeze mbili kama amepata paspoti iliyopotea. Ilimwambia mambo mengi ya paspoti. Alibonyeza tano, kwa mambo mengineyo.

"Uko nafasi ya nne kwenye foleni," mashine ilisema, na muziki ukaanza.

Tarjei alikuwa ameinua kichwa. "Ile harufu ni ya nini?"

"Unajua ni ya nini."

"Uko nafasi ya tatu kwenye foleni."

Saa kumi na dakika arobaini na nane. Taa ya jikoni haikutetereka, jokofu lilinguruma kama kawaida, kwenye meza kulikuwa na mkate uliokatwa na jibini la kahawia. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Aslaug alisimama ameupa mlango mgongo, kwa makusudi, simu ikiwa sikioni. Alijua nafsi yake. Alijua kwamba akimwona Gunleik uso kwa uso, hata leo, hata akiwa hivyo alivyo, ataweka birika.

"Uko nafasi ya pili kwenye foleni."

Saa kumi na dakika hamsini na mbili.

"Polisi, habari za jioni." Ilikuwa sauti ya kijana, mdomoni ana kitu anatafuna. "Nikusaidie nini?"

"Naitwa Aslaug Nordbø. Nilitoa maelezo kwenu mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne. Yalikuwa ya uongo."

"Elfu moja mia tisa... ngoja, mama. Ngoja nifungue fomu."

Alisikia vidole vikigonga. Alisema bila kungoja. Alisema jina la Sunniva, jina la Peder Løkken, jina la kaka yake. Alisema robo saa. Kijana aliacha kutafuna.

Kibarazani mtu alikanyaga.

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu...

Safari hii mbao ziliitika. Zilibonyea, kama mbao zinavyobonyea chini ya uzito wa mwanamume mzima. Tarjei alinyanyuka kitini, akashika ukingo wa meza. Kitasa kiligeuka kwenye mlango uliofungwa kwa ufunguo, na ukafunguka. Baridi ikaja chinichini sakafuni, ikamfikia Aslaug kwenye vifundo vya miguu.

Hakugeuka.

"Kuna shahidi wa pili," alisema kwenye simu. "Nampa."

Akainyoosha mbele, kwa Tarjei. Tarjei hakuitazama simu. Alikuwa akitazama juu ya bega la Aslaug, na kinywa chake kilikuwa wazi. Aslaug aliuona mkono wake ukipanda polepole, na kwa sekunde moja akadhani anataka kuweka kidole mdomoni.

"Tarjei," alinong'ona. "Pokea. Tafadhali pokea."

Mkono ukaichukua simu.

"Hapa Tarjei Bakken," mzee alisema, sauti ikimkatika. "Ni kweli. Gunleik Nordbø. Nilimwona kwa macho yangu akitoka posta."

"Sawa, sawa," alisema yule kijana, akiandika. "Na huyo Gunleik Nordbø anapatikana wapi kwa sasa?" Fomu yake ilikuwa na nafasi ya jibu hilo.

Tarjei aliinua macho tena juu ya bega la Aslaug.

"Amesimama nyuma ya dada yake."